Saa za mtandao: Mianya katika programu ya NTP na hatari zake

KATIKA gati ya Liwatoni, upande wa kisiwa cha Mombasa unaotazamana na Likoni, kipo kituo cha kupimia kujaa na kupwa kwa maji. Wavuvi wanaoshusha samaki hapo hawana haja nacho, kwa kuwa maji wanayajua. Kituo hicho kilianza kazi mwaka wa 1986, na ni miongoni mwa vituo vya mtandao wa kimataifa wa kupima usawa wa bahari. Baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004 kuvuka Bahari ya Hindi na kufika hadi pwani ya Kenya, vyombo vyake viliboreshwa ili takwimu zirushwe kwa satelaiti badala ya kungoja mtu aende kuzichukua.

Kila takwimu itokayo hapo ina sehemu mbili: kimo cha maji, na saa ambayo kimo hicho kilipimwa. Sehemu hiyo ya pili huonekana kama nyongeza tu, lakini sivyo. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji makuu na maji ya kupwa huko Kilindini huzidi mita 3. Kwa hesabu ya kawaida, maji yakiwa katikati ya kujaa hupanda kwa zaidi ya sentimita moja kila dakika. Saa ya chombo ikikosea kwa dakika tano, kimo kitakachoandikwa kitakuwa na kosa la takriban sentimita sita, ilhali kupanda kwa usawa wa bahari kunakochunguzwa na wanasayansi huhesabiwa kwa milimita chache kwa mwaka. Ikija tahadhari ya tsunami, hasara ni kubwa zaidi, kwani wimbi hilo likiwa katika kilindi cha bahari husafiri kwa kasi ya ndege ya abiria.

Vyombo vya kisasa vya aina hiyo huweza kupata saa moja kwa moja kutoka kwa satelaiti. Meli zinazopita katika mlango wa Kilindini nazo hufanya vivyo hivyo: mitambo yao ya kujitambulisha hugawanya kila dakika katika vipande 2,250, na kila meli husema katika kipande chake ili sauti zisigongane. Lakini tarakilishi nyingi za nchi kavu, za bandari, benki, hospitali, vyuo na magazeti, hazina kipokezi cha satelaiti. Hizo huulizana saa kupitia mtandao, kwa itifaki iitwayo kwa ufupi NTP. Ni katika programu inayotekeleza itifaki hiyo ambamo, kati ya mwaka wa 2013 na 2015, iligunduliwa mianya iliyowalazimu wasimamizi wa mitandao duniani kote kuacha shughuli zao na kuanza kuziba.

Kuuliza saa ng'ambo

NTP ni miongoni mwa itifaki kongwe zaidi za intaneti ambazo bado zinatumika. Mwasisi wake ni Mmarekani David Mills, profesa wa Chuo Kikuu cha Delaware, ambaye tangu utotoni alikuwa na maradhi ya macho na ambaye alifariki Januari 17, 2024 akiwa na umri wa miaka 85. Maelezo rasmi ya kwanza ya itifaki hiyo yalitolewa mwaka wa 1985. Toleo la nne, linalotumika sasa, lilisanifishwa mwaka wa 2010.

Namna inavyofanya kazi si vigumu kueleza. Tuseme mtu wa Liwatoni hana imani na saa yake, naye ana rafiki Likoni mwenye saa ya kuaminika. Anamtuma kijana. Kijana anaondoka saa nne kamili kwa saa ya Liwatoni. Anapofika Likoni, saa ya huko ni nne na dakika 12. Anakaa dakika moja, anaondoka saa nne na dakika 13, na anaporejea, saa ya Liwatoni inasema nne na dakika 21. Safari yote imechukua dakika 21. Ukitoa ile moja ya kukaa, zinabaki dakika 20 za njiani, yaani dakika kumi kwenda na kumi kurudi. Kwa hiyo kijana alipofika Likoni, saa ya Liwatoni ilikuwa nne na dakika kumi, ilhali ya Likoni ilikuwa nne na dakika 12. Saa ya Liwatoni iko nyuma kwa dakika mbili.

Hivyo ndivyo tarakilishi zinavyofanya, ila zenyewe hupima kwa milisekunde na huuliza rafiki zaidi ya mmoja. Msomaji aliyewahi kungoja feri ameshaiona kasoro ya hesabu hiyo: inachukulia kwamba muda wa kwenda ni sawa na wa kurudi. Feri ikikwama upande mmoja tu, jibu hukosea kwa nusu ya ucheleweshaji huo. Kabla ya nyaya za faiba za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka wa 2009, TEAMS na SEACOM zikifuatana, mawasiliano ya Kenya na mataifa ya ng'ambo yalitegemea zaidi satelaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya dunia. Swali na jibu lake vilitumia zaidi ya nusu sekunde angani.

Walio juu kabisa katika ngazi hii ni saa za atomi na vipokezi vya satelaiti. Tarakilishi zilizounganishwa navyo moja kwa moja huitwa za tabaka la kwanza, zinazoziuliza hizo huwa za tabaka la pili, na kuendelea hivyo. Nchini Kenya, dhamana ya viwango vya kitaifa vya vipimo, muda ukiwemo, iko mikononi mwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS. Zote huhesabu kwa saa ya kimataifa, kisha kila tarakilishi huongeza saa tatu ili kupata saa za Afrika Mashariki. Kwamba sisi wa pwani tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza na Mwingereza anaanza usiku wa manane, hilo ni letu na Mwingereza, mashine hazihusiki.

Swali dogo, jibu kubwa

Udhaifu wa NTP umo katika tabia yake ya asili. Ili ifanye kazi haraka, hutuma ujumbe wake bila kwanza kupeana mikono na anayepokea. Ujumbe huo ni kama barua iliyotiwa katika sanduku la posta: jina la mtumaji ni lile lililoandikwa nyuma ya bahasha, na hakuna anayethibitisha. Anayetaka anaweza kuandika jina la jirani yake.

Katika programu ya ntpd, ambayo ndiyo mama wa programu za aina hii, palikuwa na amri iitwayo monlist. Iliwekwa kwa nia njema. Msimamizi akiitoa, seva humwonyesha orodha ya tarakilishi zilizoiuliza saa karibuni, hadi 600. Swali lake lilikuwa dogo sana, na jibu lilikuwa kubwa. Tena seva ilimjibu yeyote, hata asiye msimamizi.

Wahalifu waliunganisha mambo hayo mawili. Walituma swali dogo kwa seva ya saa, lakini wakaandika nyuma ya bahasha anwani ya mtu waliyetaka kumwangamiza. Seva, isiyojua lolote, ikamtumia mtu huyo orodha nzima. Walipofanya hivyo kwa maelfu ya seva kwa wakati mmoja, yule aliyelengwa alifurikwa na majibu ya maswali asiyouliza, hata wateja wake wa kweli wasiweze kumfikia. Idara ya Marekani inayoshughulikia dharura za tarakilishi ilikadiria kwamba ukubwa wa mashambulizi hayo uliweza kufikia mara 556 ya kile alichotuma mhalifu.

Mwishoni mwa mwaka wa 2013 walioumia zaidi walikuwa waendeshaji wa seva za michezo ya video, na pengine ndiyo sababu wakubwa hawakushtuka mapema. Januari 2014 mwanya huo ulitangazwa kwa namba rasmi, CVE-2013-5211. Mwezi uliofuata, kampuni ya Marekani ya Cloudflare iliripoti shambulizi la takriban gigabiti 400 kwa sekunde dhidi ya mmoja wa wateja wake, kubwa kuliko yote yaliyokuwa yametangazwa hadi wakati huo. Kampuni hiyo ilihesabu seva za saa 4,529 katika mitandao 1,298 ambazo zilitumiwa bila wenyewe kujua.

Jambo la kuhuzunisha ni kwamba dawa ilikuwepo. Waandishi wa programu walikuwa wameiondoa amri hiyo katika matoleo ya majaribio tangu mwaka wa 2010, ila toleo rasmi lililokuwa mikononi mwa wengi bado lilikuwa nayo. Na hata bila toleo jipya, msimamizi angeweza kuongeza mstari mmoja katika faili la mipangilio, kuagiza seva isijibu maswali ya wageni isipokuwa lile la saa. Hilo halikuhitaji fedha. Lilihitaji mtu anayejua kwamba seva hiyo ipo, na katika ofisi nyingi mtu huyo alikuwa ameshahama kazi.

Krismasi ya wasimamizi

Mwanya wa monlist uliwaumiza watu wa mbali. Ile iliyotangazwa Desemba 19, 2014 iliwagusa wenye seva wenyewe. Wataalamu wawili wa usalama wa Google, Neel Mehta na Stephen Roettger, waligundua kwamba ntpd ilipokea ujumbe wa aina fulani na kuuandika katika sehemu ya kumbukumbu bila kupima kwanza kama sehemu hiyo inatosha. Ni sawa na kumimina debe la maji katika kikombe: yanayomwagika huenda kusikotakiwa. Katika tarakilishi, yanayomwagika huweza kuwa maagizo ya mhalifu, nayo mashine huyatekeleza kana kwamba ni yake. Ujumbe mmoja tu ulitosha, na maagizo hayo yangetekelezwa kwa mamlaka ileile aliyopewa ntpd, ambayo katika mashine zilizosimamiwa ovyo ilikuwa mamlaka ya juu kabisa.

Mwanya huo, CVE-2014-9295, ulitangazwa pamoja na mingine midogo, ukiwemo ule wa funguo za siri zilizotengenezwa kwa namna dhaifu kiasi cha kuweza kukisiwa. Toleo la 4.2.8 lilitolewa wakati huohuo. Siku tatu baadaye kampuni ya Apple ilifanya jambo ambalo haikuwahi kulifanya: ilisambaza kiraka hicho moja kwa moja katika tarakilishi za wateja wake bila kuwaomba ruhusa kwanza. Idara za Marekani zilionya hasa kuhusu mitambo ya viwanda na ya umeme, kwa sababu huko tarakilishi hazizimwi ovyo, na kiraka kinachohitaji kuwasha mashine upya huahirishwa hadi kisahauliwe.

Kilichowashangaza wengi wakati huo ni kwamba programu iliyotegemewa na ulimwengu mzima ilitunzwa na watu wachache mno, wakiongozwa na Harlan Stenn, kwa fedha kidogo.

Kuibadilisha saa yenyewe

Mwaka wa 2015 uchunguzi uligeukia swali ambalo mtu wa kawaida angelianza nalo: je, mtu anaweza kuidanganya tarakilishi kuhusu saa? Oktoba mwaka huo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston, Aanchal Malhotra, Isaac Cohen, Erik Brakke na Sharon Goldberg, walionyesha kwamba inawezekana. Programu ya ntpd ina kinga: ikiambiwa kwamba saa yake imekosea kwa zaidi ya sekunde 1,000, yaani kama dakika 16, hukataa na kujifunga. Lakini mara tu inapowashwa, mipangilio ya kawaida huiruhusu kuruka mara moja hata kwa miaka, na watafiti waliona jinsi mhalifu aliye njiani kati ya tarakilishi na seva anavyoweza kuutumia upenyo huo. Vilevile walionyesha kwamba ujumbe mmoja wa kughushi, unaojifanya umetoka kwa seva na kusema “usiniulize tena”, uliweza kuinyamazisha tarakilishi isiulize saa kwa muda mrefu. Kwa hilo la pili mhalifu hakuhitaji hata kuwa njiani. Angeweza kukaa popote duniani. Mwezi huohuo wataalamu wa kampuni ya Cisco walitangaza mwanya mwingine, CVE-2015-7871, uliomwezesha mgeni kujifanya rika la kuaminika la seva bila kuwa na ufunguo wowote.

Msomaji atauliza kuna faida gani kwa mwizi kurudisha saa nyuma. Vyeti vinavyothibitisha kwamba tovuti ya benki ni ya benki kweli vina tarehe ya kuanza na ya kumalizika. Tarakilishi iliyorudishwa nyuma itakubali cheti kilichokwisha, hata kile kilichofutwa kwa sababu ufunguo wake uliibwa. Namba za siri zinazobadilika kwenye simu kila sekunde 30 zinahesabiwa kutokana na saa. Katika ofisi nyingi wafanyakazi huingia katika mitambo kwa mfumo unaowakataa saa zikipishana kwa zaidi ya dakika tano, na hapo si wizi tena bali ni ofisi nzima kukaa bila kazi.

Halafu kuna mahakama. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kinachohusu kumbukumbu za kielektroniki, kinataka ionyeshwe kwamba tarakilishi iliyozitoa ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Wakili hodari hatahitaji kukanusha kwamba mteja wake aligusa fedha. Atauliza tu saa ya mashine ililinganishwa na ipi, na lini.

Madhara ya saa mbovu hayangoji mhalifu. Novemba 19, 2012 seva mbili za saa za Kituo cha Unajimu cha Jeshi la Wanamaji la Marekani, ambazo ni miongoni mwa zinazoheshimiwa zaidi duniani, zilitangaza kwa muda mfupi kwamba mwaka ni 2000. Mashirika yaliyoziamini bila kuuliza wengine yalijikuta miaka 12 nyuma, na mitambo yao ya kuingilia ofisini na ya simu ikavurugika. Miaka tisa kabla ya hapo, Chuo Kikuu cha Wisconsin kilifurikwa na maswali ya saa kutoka kwa ruta za kampuni ya Netgear, zilizouzwa zaidi ya 700,000 zikiwa na anwani ya seva ya chuo hicho ndani yake. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mwandishi wa makala haya naye aliwahi kufanya kazi katika chumba cha habari ambamo, baada ya umeme kukatika usiku, seva ya picha iliamka ikiamini ni mwaka mwingine kabisa. Picha za siku hiyo zilijipanga nyuma ya zile za kale, na tulizitafuta hadi saa ya kwenda mitamboni ikapita.

Hali ilivyo hapa kwetu

Wakenya walionja ladha ya mafuriko ya mtandaoni Julai 2023, kundi lililojiita Anonymous Sudan liliposhambulia jukwaa la eCitizen. Huduma za serikali zilisitasita kwa siku kadhaa, abiria na waombaji wa pasipoti wakabaki wakisubiri, na wengine wakashindwa kununua umeme wa kulipia kabla. Shambulizi hilo halikutokana na mwanya wa NTP. Mashtaka yaliyofunguliwa Marekani mwaka wa 2024 yalieleza kwamba washukiwa walitumia chombo chao wenyewe kilichoendeshwa kutoka kwa seva walizozipata katika kampuni za huduma za mtandao. Lakini aliyesimama kwenye foleni siku hiyo anafahamu maana ya seva iliyofurika. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya tarakilishi na uhalifu wa mtandaoni inaadhibu vitendo hivyo, ikiwa mhusika atapatikana, na bahasha yenye jina la uongo haisaidii kumpata.

Kwa msimamizi wa tarakilishi katika ofisi ya wakala wa meli Kilindini au hospitali ndogo Mji wa Kale, tiba inajulikana. Kwanza ni kujua ni mashine zipi zinazojibu katika lango namba 123, ambalo ndilo la NTP. Nyingi hazina sababu ya kumjibu mtu wa nje na ukuta wa mtandao uzizuie. Pili ni toleo jipya. Wapo waliohamia kabisa kwa chrony, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, ambayo wakaguzi wa usalama waliipa sifa nzuri mwaka wa 2017 na ambayo inavumilia vyema mtandao unaokatikakatika. Tatu, na hapa ndipo wengi hukosea, ni kuuliza seva zisizopungua nne. Ukiwa na saa mbili zinazopingana hujui iliyo kweli. Ukiwa na tatu, moja ikidanganya huumbuka, na ya nne ni akiba siku mojawapo inapozimika.

Dawa ya bahasha yenyewe ilichelewa sana. Mwaka wa 2020 ulisanifishwa mfumo unaoitwa NTS, unaoweka muhuri katika kila jibu la saa ili anayepokea ajue limetoka kwa nani na kwamba halikuguswa njiani. Seva zinazoutumia zinaongezeka, lakini ruta za bei nafuu, kamera za ulinzi na vifaa vingine vinavyouzwa madukani vingi haviujui, na vitaendelea kuuliza saa kwa njia ile ya mwaka wa 1985 mpaka vife.

Ipo tarehe moja zaidi. NTP huhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka wa 1900, na nafasi iliyotengewa hesabu hiyo ina tarakimu 32 za mfumo wa tarakilishi. Nafasi hiyo itajaa na kuanza tena sifuri Alhamisi, Februari 7, 2036. Kwa saa za Afrika Mashariki itakuwa saa tatu na dakika 28 asubuhi, sekunde ya 16. Programu zilizoandikwa vizuri zitavuka bila kutikisika, kwa kuwa zimeelezwa namna ya kutambua zama mpya. Zile nyingine zitaamini zimerudi mwaka wa 1900, wakati Mombasa haikuwa na hata gati ya kina cha kupokea meli kubwa.